Haki ya Mwenda Pole: Gari za Kawaida katika Mbio za Robo Maili za Marekani

Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza katika uwanja wa mbio za robo maili nchini Marekani, tena siku ya mashindano ya wenyeji na si ya mabingwa, hukutana na jambo linalomtatiza. Gari mbili husogea hadi kwenye mstari, kila moja katika njia yake. Ya kushoto ni gari ya familia ya miaka ya 1950, yenye mabati mazito na buti refu. Ya kulia ni gari ya michezo yenye matairi mapana, inayonguruma hata ikiwa imesimama. Taa huanza kuwaka upande wa kushoto peke yake. Gari kuukuu huondoka, na ya pili husubiri. Sekunde moja hupita, mbili, tatu, na mgeni hudhani kuwa dereva wa pili amezimikiwa na injini. Kisha taa za kulia nazo huwaka, gari ya michezo huchomoka, na mwisho wa njia zote mbili hufika zikiwa zimekaribiana kiasi kwamba jicho haliwezi kuamua. Ubao wa taa huonyesha kuwa gari kuukuu imeshinda. Hakuna anayeshangaa ila mgeni.

Kwa mtazamo wa juu juu, utaratibu huo unapingana na maana yenyewe ya mbio. Mbio ni za kumjua aliye mwepesi. Ikiwa mwepesi atazuiwa ili mzito apate kutangulia, kinachoshindaniwa ni nini hasa? Swali hilo lina umri mkubwa. Nyuma yake imo historia ya zaidi ya miaka 70, nayo ni historia ya watu wenye gari moja tu, ile ile inayowapeleka kazini siku za wiki, na ya namna walivyotafuta nafasi yao katika mchezo ambao fedha ziliwasukuma nje zaidi ya mara moja.

Chimbuko

Mbio hizi, ambazo Wamarekani huziita “drag”, zilizaliwa Kusini mwa California. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vijana wa huko walikuwa wakipeleka gari zao katika vitanda vya maziwa yaliyokauka, kama vile Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kwa maili nyingi. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana na kuunda chama cha kusimamia upimaji wa mwendo. Huko jangwani gari haikushindana na jirani yake bali na saa, nayo ilihitaji nafasi ndefu ya kuchapuka.

Baada ya vita mambo yalibadilika. Wanajeshi walirudi wakiwa na ujuzi wa mitambo na akiba kidogo mfukoni. Gari kuukuu za Ford zilipatikana kwa bei nafuu. Jangwa lilikuwa mbali, na barabara za mjini zilikuwa karibu. Vijana wakaanza kushindana usiku baina ya taa moja ya barabarani na nyingine, na ajali zikawa nyingi. Magazeti yalipiga kelele, polisi walikamata watu, na miji ikatunga sheria ndogo za kuwazuia.

Suluhisho lilipatikana katika viwanja vya ndege. Vita vilikuwa vimeiachia Marekani njia nyingi za kurukia ndege ambazo hazikuwa na kazi tena. Mwaka 1949 mashindano yenye mpangilio yalifanyika Goleta, karibu na Santa Barbara. Mwaka 1950 C. J. Hart na wenzake walifungua uwanja wa Santa Ana, katika sehemu ya uwanja wa ndege wa Orange County, na kuuendesha kila Jumapili. Mkewe, Peggy Hart, naye alikuwa dereva wa mbio, tena si wa kubezwa. Umbali uliokubalika ukawa robo maili, yaani futi 1,320 au takriban mita 402. Ulitosha kuzijaribu gari, na ulibakisha njia ya kutosha ya kupunguzia mwendo kabla lami haijakwisha.

Mwaka 1951 Wally Parks, mhariri wa gazeti la Hot Rod, alianzisha chama cha kitaifa kinachojulikana kwa herufi za NHRA. Lengo lake la kwanza lilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwaweka mahali penye kanuni. Mwaka 1954 chama kilituma kikosi cha watu wanne wazunguke nchi kwa gari yenye tela, wakifundisha vilabu vya miji midogo jinsi ya kupima njia, kukagua breki na kupanga mashindano. Mmoja wao, Bud Coons, alikuwa askari polisi wa mji wa Pomona. Msafara huo uliitwa “Drag Safari”. Neno la Kiswahili, lililokwisha kuingia katika Kiingereza kwa njia ya wawindaji na wapelelezi, ndilo lililobandikwa ubavuni mwa tela hiyo iliyokatiza mashamba ya ngano ya Kansas.

Kilichofundishwa na msafara huo kilikuwa na maana kubwa kwa mtu wa kawaida. Uwanja mdogo haukuweza kuishi kwa kutegemea gari tano au sita za ajabu zilizotengenezwa na mafundi mashuhuri. Uliishi kwa ada za vijana mia moja waliokuja na gari za kila siku, wakavua vifuniko vya magurudumu, wakatoa tairi la akiba ndani ya buti, wakashindana, kisha wakarudishia kila kitu na kwenda nyumbani. Hao walihitaji daraja lao.

Uzito kwa farasi

Daraja hilo liliitwa la gari za kiwandani, yaani gari ilivyo siku inapouzwa dukani. Lakini gari za dukani nazo hazilingani. Mtu mwenye gari ya silinda sita hawezi kushindana na jirani mwenye silinda nane, na hakuna kijana atakayelipa ada kila Jumapili ili ashindwe.

Njia iliyotumika ilikuwa ya hesabu nyepesi. Uzito wa gari uligawanywa kwa nguvu za farasi zilizotangazwa na kiwanda, na jibu likaamua daraja dogo ambalo gari itaingia. Gari ya pauni 3,500 yenye farasi 250 hubeba pauni 14 kwa kila farasi, na gari ya uzito huo huo yenye farasi 175 hubeba pauni 20. Kila moja huwekwa na wenziwe. Madaraja hayo madogo yalipewa herufi za alfabeti, na yale ya gari zenye giaboksi za kujiendesha yakatengwa na yale ya gari za kubadilisha gia kwa mkono. Hivyo mtu mwenye gari nzito na dhaifu hakufukuzwa. Aliambiwa tu asogee chini ya alfabeti, na huko chini akakuta wenzake wengi.

Wasomaji wa mashairi hawatapata taabu kuelewa mvuto wa utaratibu huo. Mshairi aliyepewa mizani 16 hana ruhusa ya kuongeza ya 17 kwa kuwa ana jambo kubwa la kusema. Ubingwa wake unaonekana ndani ya mpaka. Vivyo hivyo fundi wa daraja la gari za kiwandani hakuruhusiwa kubadilisha kabureta kwa kubwa zaidi, wala kupunguza mabati. Kilichobaki mkononi mwake ni yale mambo madogo ambayo jirani aliyapuuza: muda wa moto wa plagi, upepo wa matairi, uzito wa mafuta ya injini, na siku ambayo kiwanda kilitoa kipuri kilichopimwa vizuri zaidi kuliko kingine.

Katika hali hiyo gari zisizotarajiwa zikawa mashujaa. Chevrolet za 1955 hadi 1957, zenye injini ndogo ya silinda nane iliyoingia sokoni mwaka 1955, zilitawala madaraja ya chini kwa miaka mingi. Na kati ya hizo, zilizopendwa sana hazikuwa zile maridadi za milango miwili, bali gari ndefu za familia zenye buti la kubebea mizigo. Sababu ilikuwa ya kifundi. Buti hilo refu liliweka uzito juu ya magurudumu ya nyuma, na matairi membamba ya siku hizo yalihitaji uzito huo ili yasiteleze wakati wa kuondoka. Gari iliyonunuliwa kwa ajili ya watoto na mboga za sokoni ikawa silaha kwa aliyejua kusoma kanuni.

Wakati huo huo, upande huu wa dunia, watu walikuwa wakihangaika na swali hilo hilo. Mashindano ya Coronation Safari ya mwaka 1953, yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika na baadaye yakajulikana kama Safari Rally, hayakugawa gari kwa ukubwa wa injini. Yaligawa kwa bei iliyouzwa gari hiyo dukani. Mwenye Volkswagen alishindana na wa bei yake. Tamaa ilikuwa moja: kujua ni gari ipi, miongoni mwa zile ambazo mtu anaweza kuzinunua kweli, inayostahili pesa zake.

Fedha zinapoingia

Tamaa hiyo haikuwapita wenye viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni za Detroit ziligundua kuwa ushindi wa Jumapili huuza gari Jumatatu. Kanuni ilisema gari iwe inauzwa dukani, nazo zikaanza kutengeneza gari chache ambazo kwa jina ziliuzwa dukani, lakini kwa hakika zilitengenezwa kwa ajili ya robo maili tu. Mwaka 1963 Pontiac ilitoa gari chache zilizotobolewa matundu kwenye fremu ili ziwe nyepesi. Dodge na Plymouth zilitumia mabati ya alumini kwa mbele. Mwaka 1964 Ford ilitoa Thunderbolt, ambayo ilikuwa gari ya ukubwa wa kati iliyosokomezwa injini kubwa ya inchi 427, na idadi yake haikufika mbali zaidi ya mia moja.

Huo ulikuwa udanganyifu wa kwanza. Wa pili ulikuwa wa kalamu. Kwa kuwa daraja liliamuliwa na farasi zilizotangazwa, kiwanda kilichotangaza farasi pungufu kiliipeleka gari yake kwenye daraja la wanyonge. Mfano unaotajwa mara nyingi ni Mustang ya 1968 yenye injini ya 428 Cobra Jet. Kiwanda kilitangaza farasi 335, ilhali kila fundi aliyeifungua alijua kuwa ni zaidi ya 400. Mwaka huo huo, katika mashindano ya Winternationals yanayofanyika Pomona, Al Joniec aliipanda gari ya aina hiyo na kushinda daraja la Super Stock. NHRA ililazimika kuacha kuyaamini maneno ya viwanda na kuweka hesabu yake yenyewe ya farasi kwa kila injini. Kazi hiyo ya kusahihisha daftari haijakwisha hadi leo. Injini inayoonekana kukimbia kupita ilivyoandikwa huongezewa farasi katika kitabu, na mwenye nayo hulazimika kubeba uzito zaidi au kuhama daraja.

Ndani ya zama hizo za fedha nyingi walikuwapo watu waliothibitisha kuwa mlango haujafungwa kabisa. Mwaka 1966 Bill Jenkins, fundi wa Pennsylvania aliyepewa jina la utani la “Grumpy” kwa sababu ya ununaji wake, aliichukua Chevrolet ndogo yenye injini ya inchi 327 na kuzikabili gari za Hemi zenye injini ya inchi 426. Kiwanda chake kilikuwa kimejitoa rasmi katika mbio tangu 1963, kwa hiyo hakuwa na jeshi nyuma yake. Alichokuwa nacho ni daftari na subira. Mwaka huo huo wa 1966, Pomona, Shirley Shahan alishinda daraja la juu la gari za kiwandani akiwa na Plymouth, akawa mwanamke wa kwanza kushinda taji katika mashindano ya kitaifa ya NHRA. Alikuwa mama wa nyumba na mfanyakazi wa kampuni ya gesi, na gari ilitengenezwa na mumewe. Si bahati tu kwamba ushindi huo wa kwanza wa mwanamke ulipatikana katika gari yenye milango na viti vya kawaida. Gari ya kiwandani ilikuwa ndiyo gari ambayo mke na mume waliweza kuimiliki pamoja.

Mwaka 1970 NHRA ilianzisha daraja la Pro Stock kwa wataalamu, na Jenkins akashinda mashindano yake ya kwanza huko Pomona. Wenye fedha na majina wakapata nyumba yao. Lakini miaka iliyofuata iliwapiga walio chini kwa fimbo nyingine. Kampuni za bima zilipandisha ada za gari zenye nguvu. Sheria ya hewa safi ya 1970 ilivilazimisha viwanda kupunguza makali ya injini. Kuanzia gari za 1972, viwanda vilitangaza farasi kwa kipimo kipya, na namba zikashuka kwenye karatasi kuliko zilivyoshuka barabarani. Mwishoni mwa 1973 mafuta yaliadimika na kupanda bei, na mwanzoni mwa 1974 nchi nzima ikawekewa kikomo cha mwendo cha maili 55 kwa saa. Gari mpya za dukani zilikuwa nzito na dhaifu. Ilionekana kana kwamba mbio za gari za kawaida zimekosa gari za kukimbia.

Namba juu ya kioo

Jawabu lilitoka katika viwanja vidogo vya majimbo ya ndani, si katika ofisi za kitaifa. Wenye viwanja walikuwa na tatizo la zamani: gari ni nyingi, hazifanani, na kuzipanga katika madaraja ya uzito na farasi huhitaji wakaguzi na vitabu ambavyo uwanja wa mji mdogo hauna. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wasimamizi kama Ron Leek wa Byron, jimbo la Illinois, walisambaza utaratibu mwingine. Dereva asiulizwe gari yake ina nini. Aulizwe itatumia sekunde ngapi.

Chombo cha kuuwezesha utaratibu huo kilikwisha kupatikana. Mwaka 1963 NHRA ilianza kutumia mlingoti wa taa katika mashindano ya kitaifa, mahali pa mtu wa kupeperusha bendera. Taa za manjano huwaka moja baada ya nyingine kwa tofauti ya nusu sekunde, kisha ya kijani. Anayeondoka mapema huwashiwa nyekundu, naye ameshindwa. Mtu mwenye bendera hakuweza kumpa mnyonge tofauti kamili ya sekunde tatu na nusu. Taa ziliweza.

Basi dereva huandika namba yake kwenye kioo cha gari kwa dawa nyeupe ya viatu, watu wote waione. Chukua mfano wa gari mbili. Moja imeandikwa 15.50 na nyingine 12.00. Ya kwanza hutangulia kwa sekunde 3.50. Ikiwa madereva wote wataondoka kwa wepesi uleule, na kila gari itakimbia namba yake sawasawa, zitafika pamoja. Ikiwa ya kwanza itatumia 15.52 na ya pili 12.01, ya pili itashinda kwa mia moja ya sekunde, ambayo kwa mwendo wake ni kiasi cha nusu mita. Lakini ikiwa ya pili itatumia 11.99, itafika mwanzo na bado itashindwa, kwa sababu imevunja namba iliyojiandikia yenyewe.

Sharti hili la mwisho ndilo moyo wa mchezo mzima. Bila ya sharti hilo kila mtu angeandika namba ya uongo, akajidai mzito ili apewe nafasi. Historia ya madaraja ya juu ilikwisha kuonyesha hatari hiyo. Ilipokuwa tofauti ya kuondoka inapimwa kwa rekodi ya kitaifa ya kila daraja, madereva walijifunza kukanyaga breki kabla ya mstari wa mwisho, ili wasiishushe rekodi wakajinyima nafasi siku za mbele. Watu walilipa kiingilio kutazama mbio, wakaona taa nyekundu za breki. Sharti la kutovunja namba halikuzimaliza hila hizo. Hadi leo dereva mwerevu humtazama mwenziwe ubavuni, akapunguza mafuta akiwa futi chache kutoka mwisho ili ashinde kwa unywele bila kuvunja namba yake. Hata hivyo mwongo sasa ana hatari kubwa kuliko mkweli.

Haki ya anayetangulia nayo ilichukua muda kukamilika. Kwa miaka mingi, gari ya pole iliyoondoka mapema kwa elfu moja ya sekunde ilihesabiwa kushindwa papo hapo, na mwenziwe aliyekuwa bado anasubiri alishinda hata kama naye angekosea vibaya zaidi. Mnyonge alipewa nafasi ya kutangulia, na pamoja nayo akapewa nafasi ya kukosea mwanzo. Vifaa vya baadaye vya kompyuta viliviwezesha viwanja kuyalinganisha makosa yote mawili na kumwadhibu aliyezidi.

Kinachopimwa

Hapo ndipo jibu la swali la mgeni linapopatikana. Utaratibu huo huiondoa kasi katika mizani, nayo ikishaondolewa, hubaki mambo mawili ambayo duka haliyauzi kirahisi. La kwanza ni wepesi wa mtu mwenyewe mbele ya taa, unaopimwa kwa elfu za sekunde. La pili ni kuijua gari yake.

Kuijua gari si neno la mzaha. Injini hupumua hewa, na hewa haiwi ileile asubuhi na alasiri. Hewa ya baridi ni nzito, huingiza oksijeni zaidi, na gari huwa nyepesi. Joto na unyevu huipunguzia nguvu. Upepo wa mbele huongeza mia kadhaa za sekunde, na lami iliyopashwa na jua hushika matairi kwa namna nyingine. Dereva wa mbio hizi hukaa na daftari kama nahodha aliyezoea kutofautisha kaskazi na kusi. Huandika halijoto, mgandamizo wa hewa, mwelekeo wa upepo na muda uliopatikana, kwa miaka. Mtu aliyeikimbiza gari ileile mara elfu moja, hata ikiwa ni gari dhaifu, ana elimu ambayo aliyenunua gari mpya mwezi uliopita hawezi kuipata kwa hundi. Na gari dhaifu mara nyingi ndiyo yenye tabia iliyotulia. Haivunji vyuma wala haitelezi, na kila ikirudi huleta namba inayokaribia ile ya jana.

Kwa hiyo mvuto wa gari za pole haukuwa unafuu peke yake. Yapo mambo mengi ya bei rahisi ambayo watu huyaacha. Mvuto ulikuwa kwamba unafuu haukuwa aibu. Kijana wa karakana aliweza kumtoa mashindanoni mwenye kiwanda, mbele ya mashahidi, kwa kanuni iliyotangazwa kabla. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya wanaoshindana katika robo maili za Marekani leo ni watu wa namna hii, wala si wale wanaoonekana katika televisheni.

Isidhaniwe kuwa fedha zilikata tamaa. Katika miaka ya 1980 viliingia vifaa vya umeme vinavyomsaidia dereva kuchelewesha kuondoka kwa kipimo kamili, na mnunuzi wa kifaa akanunua sehemu ya ule wepesi ambao zamani haukuuzwa. Viwanja vingi vikalazimika kutenga wenye vifaa hivyo na wanaotegemea mguu wao tu. Mwaka 1996 George Howard alianzisha huko Huntsville, Alabama, mashindano yaliyobeba jina la dola milioni moja, na watu wakaanza kuja na tela za thamani kuliko nyumba. Kuanzia 2008 Ford, na baadaye Chevrolet na Dodge, zilirudi kutengeneza gari chache za mbio zisizoruhusiwa barabarani, nazo zikaingia katika daraja lile lile la gari za kiwandani. Wazee waliokumbuka 1963 hawakuhitaji kuelezwa.

Hata kinachoitwa gari ya bei nafuu kimebadilika. Chevrolet ya familia ya 1957, ambayo kijana wa miaka ya 1960 aliipata kwa mshahara wa miezi michache, sasa hutafutwa na wakusanyaji wa vitu vya kale. Anayeanza leo huanza na gari ya miaka ya 1980 au ya 1990 ambayo hakuna anayeitamani bado. Mlango umehamishwa, lakini haujazibwa. Kanuni ya namba juu ya kioo haijali gari hiyo ilitengenezwa wapi wala lini.

Tamati

Kwa upande wa pili wa mchezo huu, gari za nitromethane zimeendelea kukua. Za daraja la juu kabisa huvuka maili 330 kwa saa, karibu kilomita 530, katika muda usiofika sekunde nne. Mwendo huo umezishinda njia zilizojengwa kwa ajili yake. Juni 2008 dereva Scott Kalitta alifariki katika uwanja wa Englishtown, New Jersey, baada ya gari yake kuwaka moto na kupitiliza mwisho wa njia. Mwezi uliofuata NHRA ilifupisha mbio za gari hizo hadi futi 1,000, ili zipate nafasi ya kusimama, na hazijarudi kwenye umbali wa zamani.

Daraja la gari za kiwandani halikuguswa na uamuzi huo. Katika mashindano yale yale, asubuhi kabla ya watazamaji wengi hawajafika, gari za milango miwili na minne, zenye namba nyeupe kwenye vioo, bado hukimbia futi 1,320 zote, kama zilivyopimwa na watu wa Santa Ana.